Sherehe za Desemba: Mnazi na Chakula Salama

Desemba ni mwezi wa harusi, posa na mikutano ya familia kote Kilifi, na mnazi haukosi. Mgema hupanda asubuhi na jioni. Ukiteremshwa, mnazi ni mtamu, lakini huanza kuchacha papo hapo; ukilala huwa mkali, kisha hugeuka siki. Kwa hiyo mnazi wa siku kadhaa usiochacha huenda umetiwa kitu. Nunueni kwa mgema mnayemjua. Kileo kilichochanganywa na methanoli hupofusha na kuua: anayeona ukungu baada ya kunywa akimbizwe hospitalini. Wali wa nazi usiachwe nje zaidi ya saa 2, na nyama iwe na muhuri wa mkaguzi. Walio chini ya miaka 18 wasiuziwe kileo.