Upepo Hupepeta Ardhi: Shinyanga, Geita na Sayari ya Mirihi

Ndugu msomaji, kila mkulima wa mtama anaijua kazi ya upepo. Baada ya kupura, mama husimama mahali penye upepo, huinua ungo na kumwaga mtama polepole. Punje huanguka miguuni pake. Makapi huanguka mbali kidogo. Vumbi jembamba hupaa, likapotea kabisa.

Upepo haukuchagua kwa akili. Umechagua kwa uzito. Kizito huanguka karibu, chepesi huenda mbali.

Basi, jambo hilo hilo ndilo upepo unalolifanya kwa ardhi. Unaipepeta. Leo tutaitazama kazi hiyo katika sayari ya Mirihi, kisha Ngorongoro, halafu hapa kwetu Shinyanga na Geita. Tutaona kwamba ile chembe ndogo kabisa tunayoidharau ndiyo yenye faida kubwa shambani. Na ndiyo yenye hatari kubwa kifuani.

CHEMBE HUSAFIRI KWA NJIA TATU

Upepo ukipita juu ya udongo mkavu, chembe husafiri hivi:

Kwanza, chembe kubwa huviringika. Hizi ni mchanga mzito na vijiwe. Haziendi mbali.

Pili, chembe za kati huruka-ruka kama panzi. Hizi ni mchanga wa kawaida. Zinaruka, zinaanguka, zinaruka tena. Kila zinapoanguka hugonga chembe nyingine na kuzirusha.

Tatu, chembe ndogo hupaa. Hili ndilo vumbi. Likishapaa laweza kukaa hewani siku nyingi na kuvuka mikoa.

Hebu jaribu mwenyewe. Changanya mchanga wa mtoni na majivu makavu. Gawa mafungu matatu, uyaweke chini. Fungu la kwanza liache kavu. La pili linyunyizie maji. La tatu lifunike kwa majani makavu. Sasa chukua kipande cha boksi, upepee kila fungu. Simama upande unakotoka upepo, majivu yasikuingie machoni.

Utaona nini? Fungu kavu litatoa vumbi mara moja. Lenye maji litatulia. Lililofunikwa nalo litatulia. Kumbe vumbi lina wapinzani wawili: maji na majani. Tafadhali kumbuka wapinzani hao, maana mambo yote yanayofuata yanatoka hapo.

MIRIHI: HAKUNA MVUA, HAKUNA JANI

Mirihi ni jirani yetu angani. Usiku fulani huonekana kama nyota nyekundu isiyometameta. Siyo nyota. Ni sayari kama dunia yetu, inayolizunguka jua, ila upana wake ni kama nusu tu ya upana wa dunia. Mwaka wake ni siku 687 za kwetu. Wekundu wake unatokana na chuma kilichomo katika vumbi lake. Chuma hicho kimeshika kutu, kama jembe lililosahauliwa nje wakati wa masika.

Zamani sana, zaidi ya miaka milioni elfu tatu iliyopita, maji yalitiririka huko. Mikondo ya mito iliyokauka bado inaonekana. Leo mvua hainyeshi. Maji yaliyobaki karibu yote ni barafu. Hakuna mti, wala jani. Kwa hiyo wapinzani wote wawili wa vumbi hawapo, na upepo unafanya utakavyo.

Lakini hewa ya Mirihi ni nyepesi mno. Mgandamizo wake haufiki hata sehemu moja katika mia ya mgandamizo wa hewa yetu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa, ambao hapa ungeezua mabati, huko ungekugusa kama upepo mdogo tu wa jioni. Mbona basi unaweza kubadili sura ya nchi? Kwa sababu una muda mrefu na hauzuiliwi na kitu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mchanga unaoruka-ruka husugua miamba kama msasa wa fundi seremala. Vilima vizima vimechongwa vikawa matuta marefu yaliyolala kufuata njia ya upepo. Mahali pengine mchanga mweusi umejikusanya ukawa vilima vyenye umbo la mwezi mwandamo. Navyo vinahama, vingi chini ya mita moja kwa mwaka.

Huko kuna pia visulisuli, ambavyo wengine huviita chamchela. Sote tumeviona wakati wa kiangazi vikikatiza uwanjani na kubeba majani. Wapo wanaosema vimebeba mashetani. Sababu yake ni joto. Jua likichoma ardhi tupu, hewa ya chini hupata moto na kupanda juu kwa haraka. Hewa ya pembeni hukimbilia kuziba nafasi, na katika kukimbilia huko huzunguka. Vya Mirihi vyaweza kupanda kilomita kadhaa, na nyuma yake huacha mistari myeusi, kama mtu aliyepita akifagia.

Mara chache vumbi hufunika sayari nzima. Mwezi Novemba 1971 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kilifika kupiga picha. Hakikuona kitu ila vumbi. Vilele vya milima minne mikubwa tu ndivyo vilivyojitokeza juu ya vumbi hilo. Ilibidi kusubiri mpaka litue.

Vumbi hilo limeua hata mitambo. Wewe mwenye sola nyumbani unajua: kioo kikishika vumbi, taa hufifia. Gari lisilo na dereva liitwalo Opportunity lilifanya kazi Mirihi kwa nguvu ya jua tangu mwaka 2004. Mwezi Juni 2018 dhoruba ya vumbi ilifunika jua, likanyamaza moja kwa moja. Mtambo mwingine, InSight, ulinyamaza Desemba 2022 baada ya vumbi kujaa juu ya sola zake. Huko hakuna mtoto wa kutumwa juu ya paa na kitambaa.

NGORONGORO: KILIMA KINACHOTEMBEA

Huna haja ya kwenda angani kukiona kilima kinachohama. Kipo kimoja hapa Tanzania. Kutoka Shinyanga ukielekea kaskazini-mashariki na kuvuka Serengeti, utafika bonde la Olduvai katika Ngorongoro. Karibu na hapo kuna kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo. Kimo chake ni karibu mita 9, na kutoka ncha hadi ncha ni karibu mita 100.

Mchanga huo ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, ambayo Wamaasai huiita Mlima wa Mungu. Una chuma ndani yake. Ukileta sumaku, chembe zake zinanata.

Upepo hutoka mashariki. Husukuma chembe mpaka juu ya mgongo wa kilima, nazo huporomoka upande wa pili. Hivyo mgongo wa nyuma unapungua na tumbo la mbele linaongezeka. Kilima chote husogea magharibi kiasi cha mita 15 hadi 17 kwa mwaka. Zimewekwa alama zenye miaka kuonyesha kilipokuwa zamani.

Lakini tazama pembeni yake. Nyasi zipo, na udongo wenye nyasi haukuhama. Kilichohama ni mchanga usio na wa kuushika.

SHINYANGA: UDONGO UNAPOHAMA

Sasa turudi nyumbani. Udongo wa shamba una chembe za kila namna. Mchanga ni kama mifupa yake. Chembe ndogo, pamoja na mabaki ya majani na samadi yaliyooza, ni kama nyama na mafuta yake. Hizo ndogo ndizo zinazoshika maji na chakula cha mimea.

Upepo ukilipepeta shamba tupu, unachukua zipi? Zile ndogo. Unaacha mchanga. Halafu mvua ya kwanza inakuja kwa nguvu, nayo inasomba kilicholegea. Mwaka hadi mwaka udongo unakuwa mwepesi na wa rangi mbovu, kama luseni isiyoshika maji. Mkulima atasema, “Shamba limechoka.” Shamba halikuchoka. Limeibiwa, na mwizi amepita mchana watu wakimwangalia.

Shinyanga hupata mvua kidogo, na kiangazi chake ni kirefu. Lakini haikuwa tupu tangu mwanzo. Kuanzia miaka ya 1920 misitu mingi ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o waletao ugonjwa wa malale na nagana. Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka, mifugo ikaongezeka, na kuni zikahitajika kila siku. Wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970, watu wengi waliziacha ngitili zao za zamani. Ilipofika miaka ya 1980 wengi walisema Shinyanga inageuka jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni wataalamu walihimiza kupanda miti. Kisha waliona kwamba Wasukuma wenyewe wanayo dawa ya zamani: ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii. Nyasi hukua na miti hujiotea yenyewe kutoka kwenye visiki. Kiangazi kikikaza, eneo linafunguliwa, na ng'ombe wanapata chakula wakati ambapo kwingine ni vumbi tupu.

Watu walizirudisha ngitili, za familia na za kijiji. Dagashida, yaani mkutano wa jadi, iliweka sheria, na sungusungu walizisimamia. Mwaka 1986 zilikuwepo hekta 600 hivi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Mkoa wa wakati ule ulikuwa mkubwa. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani yake, kabla hazijawekwa katika mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa.

Mradi ulimalizika mwaka 2004. Lakini ngitili siyo mali ya mradi. Ni yetu. Ikikatwa yote kwa mkaa, upepo utarudi kazini siku hiyo hiyo.

GEITA: VUMBI LISILOONEKANA

Huko Geita vumbi baya haliletwi na upepo. Tunalitengeneza wenyewe. Jiwe jeupe gumu linalobeba dhahabu lina kitu kiitwacho silika. Linapotobolewa ndani ya shimo, linapogongwa kwa nyundo au kusagwa kwenye karasha, hutoa vumbi la silika.

Chukua rula ya mtoto wa shule, utazame milimita 1. Sasa fikiria umeigawa vipande 200. Chembe ya ukubwa huo au chini yake haionekani kwa macho. Chembe kubwa hunaswa puani, ukazipenga au kuzitema. Hiyo ndogo hupita pua, hupita koo, ikafika mwisho wa pafu. Haitoki tena. Pafu hufanya kovu juu ya kovu, mpaka pumzi inakuwa fupi. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Tena mtu mwenye silika kifuani hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Utafiti wa wachimbaji wadogo wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta silika ndani ya mashimo imezidi mno kiwango cha usalama.

Kwa hiyo usiseme, “Leo vumbi halipo, maana silioni.” Vumbi zito limekwisha anguka. Linaloelea ni lile baya zaidi.

TUFANYE NINI?

Tukumbuke wapinzani wawili: majani na maji.

Shambani, tumia majani. Acha mabua ya mahindi na mtama yalale shambani, usiyachome moto. Lakini masalia ya pamba yang'olewe na kuchomwa kama tunavyoagizwa, kwa sababu yanatunza wadudu. Acha mistari ya miti na majani upande unakotoka upepo. Linda ngitili, na asiyetii sheria ya kijiji aambiwe.

Mgodini, tumia maji. Lowanisha jiwe kabla ya kuligonga au kulisaga. Simama upande unakotoka upepo. Kitambaa mdomoni hakizuii chembe ndogo. Vaa barakoa maalumu ya vumbi kama inapatikana. Watoto wasicheze karibu na karasha. Badili nguo kabla ya kuingia nyumbani. Ukikohoa wiki mbili, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu. Vituo vya Serikali hupima na kutoa dawa bure, na kifua kikuu kinapona.

Ndugu msomaji, Mirihi haina majani wala maji ya mvua, na hakuna mtu huko wa kuyaleta. Sisi tunavyo vyote, na mikono tunayo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini upepo huchukua udongo mzuri kwanza na kuacha mchanga?
2. Katika kijiji chenu, ni mahali gani penye vumbi jingi wakati wa kiangazi? Palikuwaje zamani? Waulizeni wazee.
3. Je, kuna ngitili kijijini kwenu? Nani anaisimamia?
4. Mchimbaji anasema kumwagia jiwe maji kunachelewesha kazi. Mtamjibu nini?