Je, Wajua? Huenda Kompyuta Yako Inadhani Uko Marekani

Je, wajua kwa nini printa ya ofisini hugoma na kudai karatasi ya Letter, ilhali trei imejaa A4? Mara nyingi chanzo ni lugha iliyochaguliwa siku kompyuta ilipowekewa programu. Kwenye Linux, kila lugha pamoja na nchi yake hubeba kipimo cha karatasi. Kiswahili cha Tanzania (sw_TZ) na cha Kenya (sw_KE) huja na milimita 210 kwa 297, yaani A4. Kiingereza cha Marekani (en_US) huja na 216 kwa 279, ambayo ndiyo Letter. Ulichagua lugha, ukapewa na karatasi bila kuulizwa.

A4 ilianzia Ujerumani. Mwaka 1786 Georg Christoph Lichtenberg aliandika barua akisifu karatasi ambayo ukiikunja katikati, nusu yake hubaki na umbo lile lile. Walter Porstmann akaligeuza wazo hilo kuwa kiwango cha DIN mwaka 1922, na mwaka 1975 likawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Hesabu yake inapendeza: A0 ina eneo la mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu yake ya 16. Kwa hiyo A4 ya karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba huwa na uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 kilo mbili na nusu. Mwenye mizani dukani na apime. Letter haina ujanja huo. Ikunje, nayo hubadilika umbo.

Je, wajua kuwa TeX, programu ya kupanga chapa aliyoianza Donald Knuth mwaka 1977, kwa asili haijui karatasi ni nini? Yenyewe huanza kuhesabu inchi moja kutoka kona ya juu kushoto, kisha hupanga maneno tu. Ukubwa wa karatasi ni kazi ya programu zinazofuata.

Hapo ndipo mkanganyiko huanza. TeX Live, mkusanyo wa programu za TeX unaotumiwa na wengi, huchukua A4 pasipo kuambiwa. Lakini ndani yake LaTeX, iliyojengwa juu ya TeX, kwa waraka wa aina ya article, bado hupanga maandishi kana kwamba karatasi ni Letter. Chapisha waraka wa namna hiyo, kisha chukua rula: maandishi yamesogea kulia milimita tatu hivi, na chini kumebaki nafasi ya ziada ya karibu milimita 18. Wengi hulaumu printa, nayo haina kosa lolote.

Dawa ya waraka mmoja ni kuandika a4paper kwenye mstari wa kwanza, ule wa documentclass. Ukitaka mashine nzima ibadilike, amri ya TeX Live ni tlmgr paper a4, au letter kwa anayechapia walio Marekani. Kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kuna faili /etc/papersize ambalo ndani yake hutosha neno moja: a4. Ila amri hiyo na faili hilo huhitaji mamlaka ya msimamizi wa mashine, kwa hiyo mwanafunzi kwenye kompyuta ya maabara ya chuo atabaki na a4paper yake, na hiyo inamtosha.