Mtoto Akiitwa Chuo Kikuu cha Ujerumani

Barua ya kukubaliwa chuoni ifikapo kambini, nyumba nzima hushangilia, na mara baba huanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja. Ndugu mzazi, ngoja kwanza. Wengi wamesikia kwamba vyuo vikuu vya serikali nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo, nao hudhani kazi imekwisha. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi wengi watokao nje ya Umoja wa Ulaya Euro 1,500 kwa kila muhula. Lisomeni jina la jimbo kabla ya jina la mji.

Mzigo wenyewe hasa ni akaunti iliyofungwa. Asiye na ufadhili wala mdhamini hutakiwa kuthibitisha, kabla ya kupewa viza, kwamba anazo fedha za kumtunza mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni Euro 11,904, naye mwanafunzi huruhusiwa kutoa Euro 992 tu kila mwezi. Fedha hizo hazipotei. Ndizo chakula chake, kodi ya chumba na bima ya afya. Lakini akiisha kufika huko, msizitegemee kwa ugonjwa wa nyumbani.

Vibarua vipo: tangu Machi 2024 sheria yaruhusu siku 140 kamili kwa mwaka. Ujira huo, hata hivyo, huja baada ya viza, si kabla.

Na kibali cha kukaa kinapohuishwa, ofisi ya wageni huuliza tena habari za fedha. Kiwanja kimekwenda mwaka wa kwanza. Wa pili kitauzwa nini? Swali hilo na liulizwe mama akiwapo, kabla dalali hajaitwa.