Chura mdogo anapobadili rangi

Mvua za Machi zikishakolea, vinamasi vya kati ya Kayanga na Murongo, mkoani Kagera, Tanzania, hulia usiku kucha. Wengi wa wenye kelele hizo hawafiki urefu wa kidole gumba. Ni vyura wa matete, ambao wanasayansi huwaita Hyperolius viridiflavus. Mchana mtu huwakuta wamejibana kwenye bua la funjo, miguu imekunjwa chini ya tumbo, koo tu ndilo linalocheza.

Kinachowachanganya wengi ni watoto wao. Kiluwiluwi anapotoka majini, kipande cha mkia bado kikining'inia, huwa wa kahawia au kijani kilichofifia, mara nyingi na mistari myeupe ubavuni. Akishakua, chura yuleyule anaweza kuwa na michirizi ya manjano na nyeusi, au madoa. Mtaalamu wa Denmark, Arne Schiøtz, aliyewachunguza vyura wa Afrika kwa miaka mingi, alizipa sura hizo mbili majina: J ya utotoni na F ya majike. Majike wote hufika F. Madume baadhi yao hubaki na vazi la utotoni hadi uzeeni. Kwa hiyo bwawa moja linaweza kuwa na vyura wa sura mbili, na wote wakawa wa ukoo mmoja na wenye afya njema.

Mkanganyiko kama huo wanao wafugaji wa aksoloti, salamanda wa Xochimilco nchini Mexico anayefugwa kwenye matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani. Mtoto akianza kuweka weusi au kupauka, swali la kwanza ni kama anaumwa. Afrika kusini mwa Sahara haina salamanda wa asili hata mmoja. Swali hilo kwa wilaya za Karagwe na Kyerwa linawahusu vyura, na jibu lake lina uzito zaidi, kwa sababu vyura hawa hawana mtu wa kuwabadilishia maji.

Rangi ya chura hutoka kwenye chembe za ngozi za aina tatu: zenye weusi, zenye manjano au wekundu, na zenye fuwele zinazorudisha mwanga. Zile za weusi zinaweza kutawanya rangi yake au kuikusanya katikati, na chura akawa mweusi au mweupe kwa muda mfupi tu. Mwingereza Lancelot Hogben, akiwa Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, alionyesha kwamba anayeamuru kazi hiyo ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Alitumia chura mwenye kucha, jamii ya Xenopus. Ndugu wa chura huyo, Xenopus victorianus, ni mkazi wa mabwawa ya Kagera. Ukimweka juu ya udongo mweusi atakuwa mweusi, ukimweka kwenye beseni jeupe atapauka. Hapo hakuna ugonjwa wowote.

Jua nalo lina sehemu yake. Jamaa za vyura wa matete wa mbuga za Afrika Magharibi huupitisha ukame wakiwa wadogo, wamekaa juani kwenye majani makavu bila kujificha. Ngozi yao hujaa fuwele hadi wakawa weupe, na weupe huo hurudisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua. Anayewaona anaweza kudhani wamekufa. Mvua ikirudi, rangi nayo hurudi.

Lakini yapo mabadiliko ya rangi yasiyopaswa kupuuzwa. Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifanya utafiti na vyura wa Hyperolius argus, wanaoishi kwenye pwani ya Kenya na Tanzania. Vyura wachanga waliopewa homoni ya kike walivaa rangi za majike kabla ya wakati. Mwaka 2000, yeye na Nigel Noriega walionyesha kwamba aina fulani ya DDT, dawa ya kuua wadudu, huleta matokeo hayohayo. Sumu ya shamba ilikuwa imeuhadaa mwili wa chura ukaiona kama homoni yake wenyewe. Kwa jicho peke yake, hata mtaalamu hawezi kusema kama rangi aliyoiona imeletwa na umri au na dawa.

Ugonjwa wenyewe hujionyesha zaidi kwenye mwenendo. Chura mgonjwa hukaa peupe mchana, amelegea, miguu ya nyuma imetawanyika. Akipinduliwa hushindwa kujigeuza. Ngozi humbanduka kupita kiasi, na tumbo linaweza kuwa jekundu. Mojawapo ya visababishi ni kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis, aliyepewa jina mwaka 1999. Kwa kiluwiluwi hukaa mdomoni tu, kwa kuwa ndiko kwenye sehemu ngumu anazozipenda. Mkia ukishakatika na ngozi ya utu uzima kuota, huenea mwili mzima, ngozi ikashindwa kudhibiti chumvi na moyo ukasimama. Ndiyo maana wanaokufa zaidi ni wale wadogo waliotoka majini juzijuzi. Kuvu huyu hustawi kwenye ubaridi wa nyuzi 17 hadi 25, hali ya hewa inayofanana sana na ya vilima vya Karagwe, na ameshapatikana Uganda, katika Hifadhi ya Kibale, na mashariki mwa Kongo.

Watanzania wanajua gharama yake. Chura wa maporomoko ya Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996, alihesabiwa kwa maelfu mwaka 2003. Mwanzoni mwa 2004 walibaki wa kuhesabika kwa vidole. Maji yalikuwa yamepunguzwa na bwawa la umeme, na kuvu huyo alikutwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 alitangazwa ametoweka porini. Aliokolewa na vyura waliopelekwa mapema kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo nchini Marekani, ambao vizazi vyao vilianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizotangazwa mwaka 2019, zinalinda sehemu ya makazi ya vyura. Vinamasi vingi viko nje ya mipaka hiyo, chini ya migomba na mibuni, ambako ng'ombe hunywa na mboga hulimwa. Ngozi ya chura hunywa mengi yaliyomo majini, kwa hiyo anayeosha pampu ya kupulizia dawa kando ya kinamasi anawanywesha viluwiluwi wote waliomo. Mkulima aoshee pampu shambani, mbali na maji. Maji ya josho yasielekezwe bondeni. Chura asihamishwe kutoka bwawa moja kwenda jingine, kwani kuvu husafiri naye. Na mtu akikuta vyura wengi wamekufa pamoja, asisubiri hadi mvua ijayo: ampelekee taarifa afisa ugani wa kata au askari wa hifadhi siku hiyohiyo.