Maji ya Ziwa Victoria Mpaka Shinyanga: Fiqhi Inasemaje Juu ya Haki ya Maji?

Wapo wanaodhani kwamba mas'ala ya maji katika vitabu vya fiqhi yanaishia kwenye udhu, josho na tohara. Sivyo. Mafaqihi wameandika milango mizima juu ya mito, mifereji, visima na haki za wanaovitumia. Mahanafi wanaita haki ya kumwagilia *shirbi*, na haki ya kunywa, mtu na mnyama wake, wanaiita *shafa*. Mashafi wameyaweka mas'ala haya katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Katika makala hii tutayatazama mafundisho hayo kwa mfano ulio karibu nasi: maji ya Shinyanga, Kahama na ukanda wa dhahabu wa Geita.

Bomba la Ihelele

Shinyanga ni nchi kame. Kwa miaka mingi mji wake ulitegemea bwawa la Ning'wa, na vijijini watu na mifugo yao walitegemea malambo na visima vifupi vinavyokauka kiangazi. Ziwa Victoria halipo mbali, lakini maji hayapandi yenyewe. Serikali ya Tanzania ikaamua kujenga mradi kwa fedha zake. Maji yanavutwa katika kijiji cha Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanasafishwa, kisha yanasukumwa kwa mabomba makubwa hadi Shinyanga na Kahama. Mtambo ulijengwa kutoa mita za ujazo 80,000 kwa siku, na mradi ulizinduliwa mwaka 2009. Mamlaka inayouendesha ni KASHWASA. Baadaye bomba lilirefushwa kutoka Solwa kwenda Nzega, Igunga na Tabora, na maji hayo yakazinduliwa mwaka 2021.

Mradi huu ulipoanza, Misri ilinung'unika. Hoja yake ilikuwa makubaliano ya mwaka 1929 kati yake na Uingereza, yaliyokataza ujenzi katika Nile na maziwa yake, kwenye nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, wa kitu chochote kitakachopunguza maji ya Misri bila ridhaa yake. Lakini tangu mwaka 1962 Tanganyika, chini ya Mwalimu Nyerere, ilikwisha kutangaza kwamba haifungwi na makubaliano hayo ya kikoloni.

Iskandaria na mfereji wake

Ili tuelewe hofu ya Misri, tuutazame mji wa Iskandaria. Bandari hiyo kubwa iko ufukweni mwa bahari ya Mediterania, na maji ya bahari hayanyweki. Uhai wake ulitegemea mfereji unaoleta maji ya Nile. Mto ulipofurika, maji yaliingia mjini na kujaza mabirika yaliyojengwa chini ya nyumba na mitaa, na watu wakanywa humo hadi mafuriko ya mwaka unaofuata. Mfereji ulipojaa tope, mji ulidhoofika. Sultani al-Nasir Muhammad aliufukua upya mwanzoni mwa karne ya 14. Kisha Muhammad Ali Pasha akachimba mfereji wa Mahmudiyya kati ya mwaka 1817 na 1820, akauita kwa jina la Sultani Mahmud wa Pili. Uchimbaji ulifanywa na wakulima waliokusanywa kwa nguvu, na maelfu yao walikufa kazini.

Basi maji yanayotoka Ziwa Victoria pale Jinja husafiri hadi bahari hiyo hiyo. Je, aliye juu akichota, amemdhulumu aliye chini?

Hukumu ya wa juu na wa chini

Mas'ala haya yaliamuliwa zama za Mtume (s.a.w.). Imepokewa na Bukhari na wengineo kwamba Zubayr na mtu mmoja katika Ansari waligombea maji ya mfereji wa Madina. Mtume (s.a.w.) alimuelekeza Zubayr amwagilie kwanza kisha amwachie jirani yake. Na katika bonde la Mahzur alihukumu kwamba wa juu azuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayaachie yaende kwa wa chini. Tunapata mambo mawili: wa juu ana haki ya kutangulia, lakini haki hiyo ina kipimo, nacho ni haja yake.

Juu ya mito mikubwa kama Tigris, Furati na Nile, Abu Yusuf ameeleza katika *Kitabu al-Kharaj* kwamba ni ya Waislamu wote kwa ushirika. Kila mtu ana haki ya kunywa na kuchimba mfereji kwenda kwenye ardhi yake, madhali hauudhuru umma.

Tupime basi. Tukikadiria kwa uchache kwamba mto unaotoka ziwani Jinja una mita za ujazo 600 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya milioni 50 kwa siku. Mita 80,000 za Ihelele hazifiki hata mbili katika kila elfu. Isitoshe, sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri, kiasi cha asilimia 85, hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Kwa mizani ya fiqhi, mtu wa Shinyanga anayechota maji ya kunywa hajavuka vifundo vya miguu. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao Tanzania iliutia saini mwaka 2010, umejengwa juu ya matumizi ya haki kwa wote. Ulianza kufanya kazi Oktoba 2024, ingawa Misri na Sudan hazikuutia saini.

Je, inafaa kuuza maji?

Hapa wengi huuliza: ikiwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, kwa nini tunaletewa ankara?

Mafaqihi wameyagawa maji. Ya mto na ziwa ni ya wote, hayauzwi. Ya kisima, mwenye kisima ana haki ya kutangulia, lakini haifai kuwanyima wenye kiu yanayozidi haja yake. Yaliyokwisha kuchotwa na kuhifadhiwa chomboni yanamilikiwa, na jamhuri ya wanazuoni wamejuzisha kuyauza. Maji ya bomba yamevutwa kwa umeme, yamesafishwa kwa dawa na kusafirishwa mwendo mrefu. Malipo yake ni ya kazi na gharama hizo, si bei ya ziwa.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka. Mahanafi wamefika hadi kusema kwamba mwenye kiu anayehofia nafsi yake anaweza kupambana na aliyemzuilia kisima. Kwa hiyo mamlaka inaweza kumdai mwenye deni, lakini haifai masikini akose kabisa maji ya kunywa. Gati la mtaani lenye bei nafuu si hisani tu. Ni sehemu ya haki ya shafa.

Migodi na sumu isiyoonekana

Migodi mikubwa nayo inachota ziwani. Ule wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, huvuta kutoka ghuba ya Nungwe, na Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, una bomba lake refu. Maji hayo ni ya uzalishaji. Wanazuoni wamekubaliana kwamba kunywa kwa mwanadamu na mnyama kunatangulia umwagiliaji. Kwa kiasi, kunatangulia pia kuosha mawe ya dhahabu. Kijiji kinachopitiwa na bomba huku wanawake wake wakifukua mchanga wa mto kina hoja ya kisheria.

Hatari nyingine ni zebaki ya wachimbaji wadogo. Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwenye mialo, na zebaki hutumika kukamata dhahabu. Mabaki huingia mitoni, na samaki huibeba. Sisi tumezoea kupima maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho ni cha najisi. Zebaki inaweza kuwamo bila kubadilisha hata sifa moja. Maji yanaweza kuonekana safi, mtu akayatawadhia, na bado ikawa haramu kuyanywa kwa sababu ya madhara. Tohara na usalama ni hukumu mbili tofauti.

Mtume (s.a.w.) alitahadharisha dhidi ya kujisaidia haja kwenye vyanzo vya maji, akakihesabu kitendo hicho miongoni mwa vinavyoleta laana. Anayemwaga sumu je? Mafaqihi walikiwekea kisima *harimu*, eneo asiloruhusiwa mwingine kulichimba. Mahanafi wamelikadiria dhiraa 40 kwa kisima cha kunyweshea wanyama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Muislamu mwenye mwalo ndani ya mita hizo asidhani anavunja kanuni ya serikali tu. Anavunja pia kanuni ya kutodhuru, ambayo ni nguzo katika fiqhi.

La kufanya

Uthman bin Affan (r.a.) alinunua kisima cha Ruma, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa Madina, akakifanya wakfu. Sa'd bin Ubada (r.a.) alichimba kisima kwa ajili ya mama yake aliyefariki. Bibi Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, alitoa mali nyingi kuwafikishia mahujaji maji Makka. Misikiti ya Shinyanga, Kahama na Geita inaweza kufuata njia hiyo: kuweka bomba la wakfu nje ya uzio kwa wapita njia wa dini zote, kuwalipia wajane ankara zao, na kuwafundisha wachimbaji hukumu ya maji kabla ya hukumu ya zaka ya dhahabu. Dhahabu iliyopatikana kwa kuwanywesha majirani sumu haitakaswi kwa kutolewa zaka.

Wallahu a'lam.