Harusi ya Disemba Ughaibuni: Baridi Isikuharibie Pambo

Siku hizi kadi nyingine za harusi zinazofika Mombasa, Malindi na Lamu zatoka London, na nyingi ni za Disemba kwa sababu ya likizo. Shangazi na mama wakubwa wanahangaika na viza, wanashona magauni, na baridi hakuna anayeitaja. Sisi Julai kusi ikivuma twatoa masweta, na hali Mombasa nyuzi za joto hazishuki sana chini ya 20. London Disemba mchana ni nyuzi 8 au 9 hivi, na Maghribi huingia kabla ya saa kumi alasiri.

Kinachotia joto hasa ni hewa inayonaswa kati ya nguo na nguo. Kwa hivyo nguo tatu nyepesi zashinda sweta moja nene, na hazikuvimbishi. Ndani ya gauni vaa fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, zote za sufu laini ya kondoo wa merino. Hazionekani kwenye picha. Pamba usiitegemee hapo: hunywa jasho, ikarowa, na ukitoka nje inakuganda mwilini. Dera ni la kulalia huko, tena kwenye nyumba yenye hita.

Wanawake wa Pwani tuna bahati, kichwa na shingo tayari tumefunika. Ongeza shali. Pashmina halisi ni manyoya ya mbuzi wa Kashmir, nyepesi na yenye joto, lakini nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni polista tupu. Soma lebo kabla ya kulipa. Ifuate rangi ya gauni, ibane na bruchi begani, na hapo imekuwa sehemu ya pambo.

Kanzu peke yake haifai kitu kule. Mwanamume avae nguo za sufu ndani, na juu koti la suti au, kwa maoni yangu bora zaidi, joho. Joho za asili zilifumwa kwa sufu ya ngamia na mbuzi, kwani jangwani nako usiku kuna baridi. Za siku hizi nyingi ni nyembamba, kwa hivyo ishike kwa mkono kwanza. Ile kofia ya vito tundu zake ni za kupitisha upepo. Njiani avae ya sufu, hii ya vito akaitie mlangoni.

Miguu ndiyo inayosahauliwa. Nikaha ikiwa msikitini viatu vinabaki nje, na soksi za nailoni hazitakusaidia. Vaa za sufu. Kina mama, njiani tieni buti, viatu vya harusi vikae mkobani. Wala usijaze soksi mbili kwenye kiatu cha kubana, damu haitapita na vidole vitazidi kuganda.

Ndani ya ukumbi kuna joto la hita, utavua mwenyewe. Baridi huwashika watu kwenye kungoja gari na kwenye picha za nje. Bibi msimsimamishe bustanini nusu saa akingoja mpiga picha. Mwili wa mtu mzima huchelewa kuhisi kuwa umepoa. Picha zake zipigwe ndani. Na mtoto akiwa garini, usimfunge mkanda juu ya jaketi lililovimba, kwa kuwa mkanda hulegea. Mvue, mfunge, kisha mfunike nalo.

Koti lenyewe si lazima ulinunue huko kwa pauni. Pitia mitumba ya Kongowea kabla ya safari, makoti mazito wateja wake hapa ni wachache. Kagua zipu na bitana, na uchukue linalokuzidi saizi moja, ili gauni na shali vienee ndani.