Kuijua Difu Kabla ya Kuibadilisha

Land Rover za Series zilianza kutoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, mwaka 1948, na hadi leo hazijaisha barabarani kwetu. Oktoba 2024 Arusha ilizifanyia tamasha zima. Lakini ingia uvunguni mwa gari la umri huo na aghalabu utakuta si vyote vilivyotoka nalo Solihull: injini ya dizeli ya Toyota au Nissan, gia boksi ya asili nyingine, na ekseli ya nyuma ambayo hata mwenye gari hajui ilitoka wapi. Ekseli ndiyo yenye hila zaidi. Mbili zinaweza kufanana kwa umbo, kwa boliti na hata kwa kutu, huku ndani kila moja ina hesabu yake.

Hesabu hiyo ni ya meno. Propela, ile shafti ndefu itokayo gia boksi, huingia kwenye difu katikati ya ekseli ikiwa na gia ndogo, pinioni, nayo husukuma gia kubwa ya duara, krauni. Kwenye Land Rover za Series zilizo nyingi, pinioni ina meno 10 na krauni 47, kwa hiyo propela huzunguka mara 4.7 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Range Rover ilipotoka mwaka 1970 ilikuja na meno 13 kwa 46, yaani 3.54. Mtu atauliza kwa nini wahandisi hawakuchagua namba nyepesi kama 10 kwa 40. Sababu ni uchakavu. Kwa 10 kwa 40, kila jino la pinioni lingekutana na meno yaleyale manne ya krauni maisha yake yote, na jino lenye dosari lingewamaliza jirani zake haohao. Kwa 10 kwa 47, jino hulipitia kila jino la upande wa pili kabla ya kurudi lilikoanzia, na kusagika kunagawanyika sawasawa. Ndiyo maana pia krauni na pinioni husagishwa pamoja kiwandani na kuuzwa kama jozi. Fundi anayekuuzia krauni ya huku na pinioni ya kule anakuuzia kelele.

Kazi ya pili ya difu ni ile aliyoitafutia hataza Mfaransa Onésiphore Pecqueur, mtengeneza saa, mwishoni mwa miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, kama askari wa pembeni gwaride linapogeuka. Gia ndogo zilizo ndani ya krauni huruhusu tofauti hiyo, kwa sharti moja: mwendo wa krauni daima ni wastani wa mwendo wa magurudumu mawili.

Sharti hilo ndilo linalokuwezesha kuijua difu bila kufungua hata boliti moja. Inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, uliweke juu ya stendi, na lile jingine libaki chini. Magurudumu yote yaliyo chini yatiliwe kabari, maana breki ya mkono ya Land Rover za Series hushika propela, nawe utailegeza ili propela izunguke. Weka gia nyutro, chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, kisha zungusha gurudumu mara mbili kamili. La chini halikuzunguka, la juu limezunguka mara mbili, wastani ni moja. Propela ikizunguka mara nne na ushei mkubwa, hiyo ni 4.7, ikiishia tatu na nusu, hiyo ni 3.54. Kwa namba zinazokaribiana, kama 4.10 na 4.30 za Toyota, zungusha gurudumu mara 20: moja itakupa mizunguko 41 ya propela, nyingine 43. Toyota wenyewe huandika msimbo wa ekseli kwenye kibati cha gari, ila kibati kinasema kilichotoka kiwandani tu.

Difu ya Range Rover ya zamani huingia kwenye ekseli ya Series bila kukata chuma, na ndiyo siri ya mapenzi ya mafundi kwayo. Mipaka ipo. Shafti za pembeni za zamani zina meno 10, ilhali za kuanzia karibu 1994 zina 24, na hizo mbili hazioani. Tena Series III ndefu, ile ya 109, ina ekseli ya nyuma aina ya Salisbury, ambayo utaitambua kwa kifuniko cha boliti upande wa nyuma. Difu ya Range Rover haiingii humo kabisa.

Ukishaifunga kwenye ekseli inayoikubali, gari linatulia. Kwa mwendo uleule injini inazunguka robo pungufu, na safari ndefu haichoshi masikio. Robo hiyohiyo inapotea kwenye nguvu ya kuvuta, kwa hiyo mwenye injini ya petroli ya zamani anayepanda Usambara na magunia atajuta. Spidomita nayo inapokea mwendo kabla ya difu: inaposoma 60, gari liko karibu 80, na breki ni zilezile za ngoma.

Kosa baya kuliko yote ni kubadilisha ya nyuma na kuiacha ya mbele. Gari litakwenda vizuri miezi kadhaa kwa magurudumu mawili. Siku ya tope utaingiza yote manne, na magurudumu ya nyuma yatataka kwenda theluthi moja zaidi ya ya mbele. Kwenye tope yatateleza. Kwenye lami hakuna pa kuteleza, na shafti ndiyo itakayokatika. Kwa hiyo unaponunua Land Rover kuukuu, hesabu ekseli zote mbili kabla ya kutoa pesa, na muuzaji akikukatalia jeki, tafuta gari jingine.